Hichi Kizungu chetu kiko sawa? Mwongozo kamili wa kukagua kabla hujatuma

Hakuna ofisi ya clearing (za kutoa mizigo bandarini) mji huu wa Mombasa, wala risepsheni ya hoteli kuanzia Nyali mpaka Diani, wala saiba ya kuchapa sivi, ambayo siku yapita bila mtu kumgeukia wa pembeni akamuuliza "we, hii nikiandika hivi ni sawa?" Mmoja atasema sawa, mwengine atasema hapana, mwalimu wetu alikuwa akitucharaza kwa hio, wa tatu atasema tuma tu Mzungu ataelewa, na imeli yenda vilevile ilivyokuwa.

Si kwamba hatujui Kizungu, twakijua sana tena. Tatizo ni hilo swali limekatwa nusu. Sawa kwa nani? Manake kuna maneno yamekosewa popote utakapoyapeleka, kuna yalio sawa hapa na Uingereza halafu Marekani yakawa kioja, kuna yalio sawa Afrika Mashariki peke yake, na kuna yale tulichapiwa shuleni na wala hayana kosa lolote. Ukiyaweka yote kapu moja utasahihisha yasiohitaji kusahihishwa na yale mabaya yakupite. Kwa hivo twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Acha kutafuta mkubwa wa Kiingereza, hayuko

Kiswahili sanifu kina tarehe na mahali. Mwaka 1928 kulifanyika mkutano wa nchi hizi za Afrika Mashariki, tena hapahapa Mombasa, ikapitishwa lahaja ya Unguja iwe ndio msingi wa vitabu na shule, na Kimvita kikawekwa kando kikiwa nyumbani kwake (kuna wazee hawajasamehe hadi leo, na ni haki yao). Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia. Wafaransa nao wana akademia yao tangu 1635. Kiingereza hakijawahi kuwa na kikao cha namna hio hata siku moja. Kamusi yao kubwa ya Oxford ilianza kutoka kwa vipande 1884, toleo la kwanza likakamilika mwaka uleule wa 1928, na namna ilivyotengenezwa ni kwamba watu wa kujitolea walituma vijikaratasi vya sentensi walizozikuta vitabuni, wahariri wakazipanga wakaeleza neno latumikaje.

Yaani kamusi ya Kiingereza huripoti, haiamrishi. Ndio maana ukiuliza "ni sawa?" waulizia mambo matatu kwa mpigo bila kujua: kuna watu wazoefu wa hii lugha husema hivi? Ni watu wa wapi? Na husema wakiwa wapi, kwa bosi ama kwa beste? Yashike hayo matatu kichwani, kila hatua hapo chini yarudi kwayo.

Hatua ya 2: Anza na yale yanayogeuza maana

Wengi huanzia kwa spelling na alama za nukta, na mimi naona hapo ni kuanza kwa mkia. Spelling ikikosea mtu hucheka kidogo kisha aelewa. Lakini kuna misemo ambayo haina kosa hata moja la sarufi na bado yampa mtu habari ya uongo, na hizo ndizo zinazopoteza pesa.

Ya kwanza kabisa ni "yes". Kwetu mtu akikuuliza "Gari halijatoka?" na kweli halijatoka, wajibu "Eeh, halijatoka." Ile eeh yakubaliana na maneno yake. Kiingereza hakijali muulizaji ameulizaje, chaangalia jambo lenyewe: limetoka ni "yes", halijatoka ni "no", hata kama ameuliza kwa kukanusha. Sasa mtu yuko London amemtumia ndugu yake gari, aandika WhatsApp "Hasn't the car been released?" na kijana wa ofisini ajibu neno moja tu, "Yes." Kijana amesema eeh, halijatoka. Mtu wa London amesoma limetoka. Ampigia ndugu yake, ndugu atafuta dereva, dereva yuafika getini na hakuna cha gari, na siku za storage (ada ya kulaza gari bandarini) zaendelea kuhesabiwa, na jioni kila mmoja yuwamuona mwenzake muongo. Dawa yake rahisi: swali lolote lenye "not" ndani yake usilijibu kwa "yes" ama "no" kavu. Andika sentensi nzima, "It has not been released yet", hapo hakuna wa kukosea.

Ndugu wa hii "yes" ni "Do you mind". Mgeni ameshika sahani pale kwenye bafe auliza "Do you mind if I sit here?" nawe kwa ukarimu wa Pwani wamjibu "Yes, yes, welcome!" Kwa maneno yake umemwambia eeh, naudhika, kisha ukamkaribisha. Jibu lake ni "Not at all" ama "No, go ahead". Kukubali hapa kwaanza na "no", ni kinyume, lakini ndivyo kulivyo.

Halafu "I'm coming". Hii ni naja yetu, mtu yuaondoka na asema naja, na kila mtu aelewa aenda na atarudi. Weita amechukua oda, amwambia mgeni "I'm coming" kisha ageuka akaelekea jikoni, mgeni abaki na menyu mkononi akiuangalia ule mgongo unavyokwenda. Kwa Mwingereza "I'm coming" ni ya mtu aliyeitwa na yuko njiani kukukaribia. Ukiondoka na warudi, sema "I'll be right back", na ikiwa umezidiwa na meza nyingine sema "I'll be with you in a minute".

Na mambo ya saa jamani. Saa kumi yetu ya alasiri kuna mtu ulimi ukiteleza atamwambia mgeni "ten", na boti yatoka saa nne kwa hesabu zao, hio twaijua. Ambayo wengi hawaijui ni "half eight". Mwingereza akisema "half eight" ni 8:30, saa mbili na nusu yetu. Mjerumani kwao nusu ya nane ni nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30, na akizungumza Kiingereza saa zingine abeba hesabu ya kwao. Ukiwa na wageni wa mchanganyiko wanaokwenda kuona pomboo Wasini, andika 7:30 a.m. kwa tarakimu umalize. Tarehe pia, 5/6 kwetu na kwa Mwingereza ni tano Juni, kwa Mmarekani ni sita Mei. Jina la mwezi liandike kwa herufi, halikupunguzii kitu.

Hatua ya 3: Irudishe sentensi Kiswahili uone

Hii ndio hatua naipenda mimi. Chukua sentensi yako ya Kizungu, itafsiri neno kwa neno kurudi Kiswahili. Ikitoka tamu sana, laini, kama vile hujatafsiri kitu, hapo ishuku. Si lazima iwe kosa, lakini ishuku, manake kuna uwezekano ulifikiria Kiswahili ukabadilisha maneno tu.

"Borrow me your charger." Irudishe: niazime chaja yako. Safi kabisa, na ndio kosa lenyewe. Kuazima kwetu kwaenda kotekote, mimi naazima kwako na wewe waniazima. Kizungu kimegawa kazi, mwenye kutoa ni "lend" na mwenye kuchukua ni "borrow". Kwa hivo "Lend me your charger" ama kwa adabu zaidi "Can I borrow your charger?"

"Add me some rice", niongeze wali. Siku hizi mtu akisikia "add me" afikiria grupu la WhatsApp. Sema "Can I have some more rice?"

"Escort me to the stage", nisindikize steji. Hapa kuwa makini kidogo. "Escort" kwao yaleta picha ya polisi na msafara, na ina maana nyingine pia ya biashara za usiku ambayo hutaki iingie kwenye mazungumzo na mgeni wa hoteli, wallahi. "Walk with me to the bus stop" yatosha. Na "stage" ya matatu nayo ni ya kwetu, Mzungu wa kwanza kufika atatafuta jukwaa na wanamuziki.

"The fish is finished" yaeleweka, lakini wenyewe husema "We've run out of fish". "My stomach is running" ni tumbo laendesha, kwa jirani sema "I have an upset stomach", kwa daktari mwambie "diarrhoea" usimfiche. "Slowly by slowly" ni polepole yetu, ya kwao ni "little by little". "Even me I'm from Kisauni" ni hata mimi, basi "I'm from Kisauni too". "You are from Germany, isn't it?" ni ile sivyo yetu moja inayofaa kila sentensi, ya kwao yabadilika kila mara, "aren't you", "don't you", "hasn't she", na kama hutaki kuhesabu hayo yote weka "right?" mwisho wa sentensi ukiwa wazungumza, imeshatosha.

"My names are" ni majina yangu ni. Ukijitambulisha, hata uwe na majina manne mpaka la babu, ni "My name is". Hii kwenye intavyuu yasikika sana na meneja wa nje huigundua sekunde ya kwanza, kwa hivo iondoe.

"Today morning" ni leo asubuhi, wao husema "this morning". "Yesterday night" ni "last night". Sasa "tomorrow morning" ndio iko sawa vilevile kama yetu, usiniulize kwa nini, hakuna sababu ya kukuridhisha. Na "I have worked here since five years" badilisha uweke "for five years". "Since" yataka mwanzo, tangu 2019, tangu Ramadhani, na "for" yataka urefu wa muda.

Kuna na "he" na "she". Sisi tuna yeye mmoja, hatuulizi mume ama mke, ndio utasikia mtu amsifu mama yake "he raised us well". Hapa dawa ni mazoezi tu. Lakini ukiwa hujui ni nani, mgeni amesahau simu chumbani na hujui ni bwana ama bibi, andika "A guest left their phone". Kuna watu watakwambia "their" ni ya wengi peke yake. Waambie Waingereza walianza kuitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14, na hata "you" yenyewe zamani ilikuwa ya wengi, mmoja alikuwa "thou".

Hatua ya 4: Angalia vijineno vilivyoganda kwenye kitenzi

Hapa ndipo penye makosa mengi ya imeli za ofisi na yote yana baba mmoja. "We discussed about the price." "He emphasized on quality." "I request for a discount." Ukisikiliza vizuri utaona kwa nini ulimi wakwenda huko: nomino zao zavitaka hivo vijineno kikweli. "A discussion about the price", "an emphasis on quality", "a request for a discount", zote tatu ni Kiingereza safi. Neno likigeuka kitenzi kile kijineno chaanguka: "We discussed the price", "He emphasized quality", "I request a discount". Ukishaona huo mchezo wa nomino na kitenzi umeponya sentensi nyingi kwa dawa moja.

Nyingine zimebeba mzigo mara mbili, "return back", "repeat again", ile "re" ya mwanzo ishasema tena. "Cope up with" imechanganywa na "keep up with", ya kweli ni "cope with". "Despite of" imechanganywa na "in spite of". "Comprises of" watu bado wagombana juu yake, wewe andika "consists of" upite.

Na kuna mali isiyohesabika. Kwetu fanicha ni fanicha, haina umoja wala wingi, lakini tukihamia Kizungu twaweka s: "furnitures", "luggages", "equipments", "informations", "advices". Zote hazina s. Ukimpokea mgeni pale stesheni ya Miritini usimuulize "How many luggages?", muulize "How many bags?" Kinyume chake "trousers" ina s hata ikiwa moja, "a trouser" hakuna.

Ya kuangalia haya si mwalimu wala mimi, ni kamusi ya wanaojifunza. Tofautisha na kamusi ya kawaida. Ile ya Oxford ya wanafunzi, ya Longman, ya Cambridge, zote ziko bure mtandaoni, na zina kitu kamusi kubwa haikuonyeshi waziwazi: kila nomino imeandikwa yahesabika ama haihesabiki, kila kitenzi kimeonyeshwa chataka nini mbele yake, na kuna mifano. Watu husoma maana wakafunga. Usifanye hivo, maana yenyewe ushaijua, nenda moja kwa moja kwa mifano uone neno lakaa na nani. Na usome lebo ndogo ndogo, kama neno ni la mtaani, la zamani, la Uingereza, la Amerika Kaskazini.

Kisha kuna "Am". "Am fine", "Am at the ferry", "Am writing to apply". Kwa ulimi "I'm" yasikika hivo, kwa maandishi ile "I" haiwezi kukosekana. Kwa beste andika utakavyo, kwa barua ya kazi hapana.

Hatua ya 5: Uliza msomaji yuko wapi

Sasa twaingia kwa maneno ambayo si makosa ila yana makao yake, na hapa naona tumetishwa bure. Mwaka 2022 kamusi kubwa ya Oxford iliingiza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo "nyama choma", "sambaza", "come-we-stay" (kuishi pamoja bila ndoa), na "tarmac" ile ya kutembea mji mzima ukitafuta kazi. Kwa hivo ukimwambia Mkenya mwenzako "I'm tarmacking" uko sawa na kamusi yakutetea. Ukimwandikia mwajiri wa Toronto hatajua wafanya kazi ya barabara ama vipi, andika "I'm looking for work".

Angalia matangazo ya nyumba za kukodisha kwa wageni. "Homely apartment in Nyali, self-contained rooms, own compound." Mwingereza akisoma "homely" aona nyumba yenye raha, starehe. Mmarekani kwake "homely" ni ya mtu mwenye sura isiyovutia, alotaka ni "homey" ama "cozy". "Self-contained" yetu ni chumba chenye choo chake, wao huita "en suite", na Mwingereza akisikia "self-contained" afikiria fleti nzima yenye jiko lake na mlango wake, akifika akute kitanda na bafu ataandika rivyu mbaya na hujamdanganya. "Own compound" nayo kwao yafanana na kambi. Andika "private garden" ikiwa kuna bustani, ama "private yard", na bei yako iache palepale.

"Hotel" kwetu ni popote penye chai na mahamri. Mgeni ukimwambia "let's eat in that hotel" atatafuta jengo lenye vyumba. "Rubber" ya kufutia penseli iko sawa Uingereza, Marekani ni kondomu, mwalimu wa chekechea kaa ukijua. "Where do you stay?" kwa maana ya waishi wapi wengine huikemea, na Waskoti husema hivohivo kila siku. Mgeni mwengine ataelewa wamuuliza hoteli aliyofikia.

Watu wa bandarini mna yenu. "Godown" yaeleweka Mumbai na Singapore, Marekani waandikie "warehouse". "Do the needful" ilikuwa Kiingereza cha kawaida cha Waingereza wenyewe zamani, wao wakaiacha India ikabaki nayo, na kwa mteja wa India haina shida lakini wengine waona kama barua ya enzi za mkoloni. "Revert" kwa maana ya kujibu ni vilevile, India, Malaysia, Singapore na sisi twaelewana vizuri, ila kwa Mwingereza "revert" ni kurudi hali ya zamani, na wanasheria waitumia kwa mali kurudi kwa mwenyewe. "Reply" ni fupi na haina makao, ipo kila mahali. Na kwenye mkutano mtu akisema "let's table this", Mwingereza ameleta jambo lijadiliwe sasa hivi, Mmarekani amelisogeza mbele lisijadiliwe. Neno moja, maana mbili zinazopingana, uliza kabla ya kuandika minutes.

"Quite good" pia. Kwa Mmarekani ni nzuri sana, kwa Mwingereza mara nyingi ni nzuri kiasi, si haba. Mgeni wa Uingereza akiandika chakula kilikuwa "quite good" msichinje mbuzi.

Hatua ya 6: Zitupe sheria za uongo

Hii fupi. Kutomaliza sentensi kwa "at" ama "with": lalamiko hilo lilianzishwa na mshairi John Dryden mwaka 1672, wenye lugha hawakumfuata. "Which hotel are you staying at?" ndio Kiingereza cha watu, "At which hotel are you staying?" ni ya hakimu. Kuanza sentensi kwa "And" ama "But" ruhusa. "Less" na "fewer": mwaka 1770 Robert Baker alisema yeye aona "fewer" yapendeza zaidi kwa vitu vya kuhesabika, maoni yake tu, baadaye watu wakayafanya sheria. Kwa mtihani wa shule na kwa IELTS (ule wa kupima Kiingereza) fuata tu, "fewer people", manake msahihishaji huenda ni muumini. Nje ya hapo usimkatize mtu mazungumzo kwa hio.

Hatua ya 7: Jikagulie mwenyewe

Umeshuku neno, kamusi haijakupa jibu, sasa wafanya nini. Liandike kwenye Google ndani ya alama za kunukuu, ili litafutwe lilivyo. Ile idadi ya matokeo ukiiona usiiamini, ni makisio, na makosa pia hurudiwa na mamilioni ya watu. Wewe soma ni nani ameandika. Gazeti la London ama chuo kikuu? Ama ni matangazo ya biashara yaliotafsiriwa na mashine?

Kuna mtego mmoja hapo. Ukitafuta "request for" peke yake utaikuta kila mahali ufikirie iko sawa, kumbe yote ni ile nomino, "a request for payment". Kipe kitenzi mtendaji wake: tafuta "we request for" na upande wa pili "we request that" ama "we request a", uone zipi waandishi wazoefu wazitumia. Vilevile Google ina Ngram, tangu 2010, wailinganishia misemo miwili nayo yachora mstari wa vitabu vilivyochapishwa, na waweza kuchagua vya Uingereza ama vya Marekani. Ukitaka kujua neno ni la nchi gani, kuna hazina ya mtandaoni yaitwa GloWbE, maneno bilioni 1.9 kutoka nchi 20, Kenya na Tanzania zimo. Waandika msemo, yakupangia nchi kwa nchi. Ukiona umejaa Kenya, India na Nigeria na Uingereza hakuna kitu, ushapata jibu lako bila kugombana na mtu.

Programu za kusahihisha kwenye simu ni nzuri kwa spelling, lakini angalia kwanza umeziweka Kiingereza cha wapi. Ikiwa ni cha Marekani itakupigia mstari mwekundu kwa "colour" na hujakosa chochote.

Na ukiwa na Mzungu karibu usimuulize "is this correct?" Kwa heshima atakwambia "yeah, it's fine", ameelewa na hataki kukuaibisha. Mpe hali yenyewe umuachie aseme: "What do you say when the fish is all gone?" Atakachotamka bila kufikiria ndicho.

Tuimalizie kwa imeli moja ya kawaida, ya ofisi ya clearing kwenda kwa muuzaji China, yaomba bill of lading, ile hati ya mzigo wa meli:

"Good morning, hope you are fine. Am writing to request for the original bill of lading. Kindly revert back by today evening."

Salamu iache, ni ya kikwetu lakini haina ubaya. "Am writing" yataka "I" mbele. "To request for" hapa ni kitenzi, ondoa "for". "Revert back" imebeba mizigo miwili, ya neno lenye makao yake na ya "back" juu yake, weka "reply". "Today evening" ni "this evening". "Kindly" watu wengine huipiga vita, mimi naiacha, Mmarekani ataiona rasmi kidogo tu na Mchina na Mhindi wameizoea.

Yabaki jambo moja ambalo hakuna kamusi itakwambia. Kule wako mbele yetu kwa masaa matano, wewe ukituma saa saba mchana wao ni saa kumi na mbili, jioni yao ishaingia na wafunga ofisi. Kwa hivo "this evening" yenyewe, ingawa ni Kiingereza fasaha, haimwambii mtu kitu. Andika hivi:

"Good morning, hope you are fine. I am writing to request the original bill of lading. Kindly reply by 12 noon Mombasa time, which is 5 p.m. your time."

Na uitume asubuhi.